Wimbo wa taifa ulitoka Tana River, mwenyewe tukamwacha Tana River

Kuna wimbo mmoja umeuimba mara nyingi kuliko ngoma yoyote ya msanii unayempenda. Umeuimba kabla hujajua kusoma. Uliuimba chekechea, mikono ubavuni, kamasi zikitiririka. Ukauimba shule ya msingi kila Jumatatu na Ijumaa bendera ikipandishwa, jua likikuchoma utosi. Leo ukiusikia Kasarani kabla Harambee Stars hawajaanza kucheza, unasimama tu, hata kama mkononi una soda na chipsi. Una beti tatu, na tuambiane ukweli, wengi wetu tunaijua moja.

Sasa nikuulize. Nani aliutoa?

Jaribu swali hilo kwenye matatu ya kwenda tao. Wasee watakuambia nani aliimba nini, prodyuza alikuwa nani, video ilichukuliwa wapi na nani alikosana na nani baadaye. Ukifika "Ee Mungu Nguvu Yetu", kimya. Mmoja ataguna, mwingine atasema "si ni wa serikali?"

Hapana, serikali haina koo. Wimbo huanza kwa mtu, na jina linalotajwa kwa huu wetu ni la Mpokomo mmoja wa Tana River, Mzee Meza Morowa Galana. Ndiye anayetambuliwa kama mtu aliyetoa sauti ambayo wimbo wa taifa ulijengwa juu yake. Mzee ameshatutoka. Waandishi waliomtafuta uzeeni walimkuta akiishi maisha ya dhiki, mbali kabisa na zulia jekundu ambalo wimbo wake hupigwa juu yake kila sikukuu ya kitaifa.

Hata jina lake tumeshindwa kulishika vizuri. Kuna mahali limeandikwa Morowa, kwingine Maroa. Shika hilo kidogo, nitalirudia.

Tana River ni wapi hasa?

Kama umezaliwa Nairobi au Mombasa, pengine Garsen unaijua kwa dirisha la basi tu. Unatoka Mombasa unaelekea Lamu, unapita Malindi, unaendelea kaskazini mpaka nchi inakuwa tambarare na joto linakuwa na uzito wake. Basi linasimama Garsen, watu wanashuka kunyoosha miguu, wengine wanabadilisha gari kwenda Hola na Garissa. Wewe unanunua maji, unarudi kitini, safari inaendelea.

Lakini ule mto unaopita hapo unakujua wewe kuliko unavyoujua. Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya, kama kilomita 1,000, kutoka Mlima Kenya na Aberdare mpaka Bahari ya Hindi upande wa Kipini. Maji ya bwawa la Ndakaini, ambayo Nairobi inayanywa na kuyaoga, yanatoka kwenye mto Thika, na mto Thika ni mtoto wa Tana. Stima nayo, zile bwawa za Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere zote zimekaa juu ya mto huohuo. Kwa hivyo unapoamka asubuhi ukaoga, ukachaji simu, tayari umeshakula mkono wa Tana mara mbili. Ukienda kazini ukapita shule mahali wanapandisha bendera, umekula mara ya tatu.

Wapokomo ndio wakulima wa kingo za mto huo. Mto ukifura na kushuka, unaacha udongo mzuri, nao wanapanda mpunga, mahindi, ndizi na maembe. Mwaka mbaya mto haushuki haraka, unabeba shamba na nyumba, kama tulivyoona mafuriko ya 2018 na ya mwishoni mwa 2023. Lugha yao, Kipokomo, ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Pamoja na Kimijikenda na Kikomoro, wanaisimu huziweka kwenye kundi moja la Sabaki. Ndiyo maana ukimsikiliza Mpokomo akiongea polepole unashika neno hapa na pale, kama kumsikiliza binamu aliyelelewa kwa shangazi.

Na katika lugha hiyo akina mama walikuwa na wimbo wa kumnyamazisha mtoto. Ile fasihi simulizi ya sekondari iliuita aina hiyo bembelezi. Mama kashinda shambani, jioni mtoto analia, mama anaimba. Hakuna jukwaa, hakuna maikrofoni, msikilizaji ni mmoja na kazi yake ni kulala. Sauti hiyo ndiyo leo majeshi yetu husimama wima kuipigia saluti.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokataa, kwa hivyo sitakudanganya kwamba nilifundishwa haya darasani. Lakini hata waliomaliza, waulize.

Tume ya watu watano

Rudi 1963. Uhuru umeshakubaliwa, tarehe ni 12 Desemba, na nchi inahitaji wimbo. Usiku huo pale Uhuru Gardens bendera ya Muingereza itashuka, na wimbo wa malkia utapigwa kwa mara ya mwisho. Baada ya hapo tutaimba nini?

Ikaundwa tume ya watu watano. Graham Hyslop, Muingereza aliyekuwa mshauri wa muziki na ambaye aliandika hata tamthilia za Kiswahili, mojawapo ikiitwa "Afadhali Mchawi". George Senoga-Zake, ambaye baadaye alikuja kuandika kitabu kizima kuhusu muziki wa kiasili wa Kenya. Thomas Kalume. Peter Kibukosya. Na Washington Omondi, aliyekuja kuwa profesa na kuongoza tume ya rais ya muziki iliyoteuliwa 1982.

Tuwape haki yao. Walifanya kitu cha maana sana. Nchi nyingi wakati huo zilitafuta nyimbo zenye mwendo wa bendi za kizungu, wao wakaamua wimbo utoke nyumbani. Walichagua sauti ya mama wa Kipokomo, wakaitungia maneno kwa Kiswahili na Kiingereza, wakaipangia sauti za kwaya na bendi. Ukisikia jinsi unavyopanda polepole kisha ukashuka kwa heshima, huo ni ufundi, na ufundi huo ni wao.

Majina yao matano yapo kwenye vitabu. Ukitafuta mtandaoni, utayapata kwa sekunde tatu. Halafu mwisho wa sentensi utakutana na maneno haya: sauti ilitokana na wimbo wa jadi wa Wapokomo.

Hapo ndipo mtu anapopotelea. Hebu angalia vizuri. Aliyepanga sauti ana jina. Aliyeandika maneno ana jina. Aliyetoa sauti yenyewe ni "jadi". Waliosoma ni watu mmoja mmoja, wasiosoma ni kabila.

Najua utasema, lakini si kweli ni wimbo wa jadi? Bembelezi ina mwenyewe kweli? Swali zuri, na sitaki kulikwepa. Wimbo wa kubembeleza mtoto unapita mdomo kwa mdomo, kila mama anaongeza chake. Kuna deni kwa akina mama wa Tana River wote walioubeba. Lakini nyimbo za jadi hazitembei zenyewe kutoka Garsen mpaka Nairobi. Lazima awepo mtu anayeujua vizuri, anayeuimba ukakaa sawa, anayewapa wageni wauandike. Kwa hivyo deni ni mara mbili, la jamii na la mtu. Tulichofanya ni kulitumia la kwanza kulifuta la pili, kisha tusilipe lolote kati ya hayo mawili.

Majirani nao

Usifikiri ni Kenya peke yake. Vuka mpaka wowote.

Uganda, wimbo wa taifa ulitungwa na George William Kakoma, uhuru wa 1962 ulipokaribia. Kakoma alikuwa mwalimu wa muziki, msomi, jina lake linajulikana vizuri kabisa. Lakini alilalamika kwamba alichopewa kilikuwa shilingi 2,000 tu za Uganda. Uzeeni ikabidi aishtaki serikali kudai mirabaha ya wimbo ambao serikali hiyohiyo hauwezi kuanza mkutano bila kuupiga. Alifariki Aprili 2012, bado suala hilo halijatulia.

Tanzania, "Mungu Ibariki Afrika" inatumia sauti ya Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya wa Afrika Kusini aliyeitunga 1897. Zambia inatumia sauti hiyohiyo, na Afrika Kusini yenyewe imeiweka ndani ya wimbo wake. Yaani mtu mmoja, nchi tatu. Sontonga alifariki 1905 akiwa kijana wa miaka thelathini na kitu, na kwa miongo mingi hakuna aliyejua kaburi lake liko wapi. Walitafuta jina Sontonga kwenye daftari la makaburi la Braamfontein, Johannesburg, wasilione. Kumbe aliandikwa chini ya "Enoch". Mwaka 1996 ndipo kaburi likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, wakati wa Mandela.

Umeona sasa kwa nini nilikuambia ushike ile habari ya Morowa na Maroa? Herufi moja inaweza kumpoteza mtu.

Halafu kuna Solomon Linda, huyu unamjua bila kujua. Ule wimbo wa simba anayelala msituni, ulioimbwa kwenye filamu ya Lion King, ulianza na yeye Johannesburg 1939 kwa jina "Mbube". Aliuza haki zake kwa shilingi kumi. Wimbo ukazunguka dunia, ukatengenezea watu wengine mamilioni, yeye akafa maskini 1962. Lakini tofauti ya Linda na Mzee Galana ni hii: Linda alirekodi. Kulikuwa na sahani ya santuri yenye wimbo wake. Kwa sababu ya ushahidi huo, na kipengele cha zamani cha sheria ya Uingereza kilichorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa, mabinti zake waliweza kwenda mahakamani, na 2006 wakafikia makubaliano ya kulipwa.

Galana hakuwa na santuri. Alikuwa na koo, na koo likizikwa limezikwa.

Wageni walipodai wimbo wetu

Kama bado unaona haya ni mambo ya wazee, ngoja nikulete 2019.

Mwaka huo chaneli ya YouTube inayoitwa 2Nacheki ilipandisha video yenye wimbo wa taifa wa Kenya. Ikapata onyo la hakimiliki. Dai lilitoka kwa kampuni ya nje inayoitwa AdRev, kwa niaba ya De Wolfe, kampuni ya muziki ya Uingereza. Soma tena. Mkenya anawekewa dai la hakimiliki kwa wimbo wa taifa la Kenya, na anayedai yuko London.

Wakenya mtandaoni wakawaka, unatujua. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ikajitokeza kuukingia wimbo kifua, ikieleza kwamba unalindwa na sheria ya bendera, nembo na majina ya taifa. Kelele zikatulia.

Sasa fikiria hivi. Anayerekodi bendi ikipiga wimbo ana haki juu ya rekodi ile, hata kama sauti si yake. Ndivyo sheria za muziki zinavyofanya kazi. Mwenye studio London anaweza kuwa na karatasi. Mwenye kwaya anaweza kuwa na karatasi. Katika mlolongo wote huo, kuanzia ukingo wa mto mpaka kwenye simu yako, mtu pekee ambaye hakuwahi kuwa na karatasi ni yule aliyekuwa na wimbo.

Sheria tunayo, tena nzuri

Hapa ndipo hasira yangu iko, kwa sababu hatuwezi kusema hatukujua.

Katiba ya 2010, kifungu cha 9, inautaja wimbo wa taifa miongoni mwa nembo za taifa, pamoja na bendera. Geuza ukurasa mpaka kifungu cha 11. Kinaliagiza Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinapata fidia au mirabaha tamaduni zao zinapotumiwa. Na Bunge likatunga kweli, sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kijamii. Kabla yake kulikuwa na Sheria ya Mashujaa ya 2014, ya kuwatambua Wakenya waliolitendea taifa makubwa. Tuna hata siku yenyewe, 20 Oktoba, Mashujaa Dei.

Kwa hivyo vifaa vyote vipo kwenye meza. Na bado Mpokomo aliyetupa wimbo alizeeka kwenye dhiki. Si yeye tu. Kisoi Munyao, aliyepanda Mlima Kenya kuipeperusha bendera usiku uleule wa uhuru, alifariki 2007 baada ya miaka mingi ya shida. Mwenye bendera na mwenye wimbo, kisa kimoja. Tunapenda mashujaa wetu wakiwa kwenye jeneza, ambapo hawawezi kuuliza swali.

Ukitaka nikuambie kinachowezekana leo, si kigumu. Shule moja ya muziki Tana River yenye jina la mzee. Ukurasa mmoja kwenye vitabu vya shule unaosema wazi wimbo ulitoka kwa nani na kwa akina mama gani. Kiasi fulani kwa jamii ya Wapokomo, kama katiba inavyosema, kiwe hata cha kujenga studio ndogo Garsen ambapo vijana wa huko watarekodi wenyewe. Hakuna lolote hapo linalohitaji mkopo kutoka nje.

Na wewe je?

Labda wewe ni prodyuza, una kompyuta na spika mbili chumbani Umoja au Kisauni. Labda unapenda kuchukua sauti za zamani, nyimbo za nyanya, ngoma za kijijini, ukaziweka juu ya biti ya kisasa. Poa sana, endelea. Lakini umewahi kuuliza jina la anayeimba? Ukipandisha wimbo, sehemu ya watunzi umejaza nani? Kama umeandika "jadi" na yule mama yuko hai, anachuna mboga nyuma ya nyumba huku wimbo ukikuletea doo, basi umefanya kilekile cha 1963, tena bila udhuru wa kuwa na haraka ya uhuru.

Na kama wewe ndiwe unayeimba kwa watu, usikubali kutoka studio bila karatasi. Andikeni mgao kabla wimbo haujatoka, wakati bado mnapendana. Nani ametunga maneno, nani sauti, nani biti, asilimia ngapi kila mmoja, sahihi chini. Kisha usajili KECOBO, siku hizi unafanyika mtandaoni. Sheria ya Kenya inalinda kazi yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Hiyo ni zawadi kwa wajukuu ambao hujawaona, lakini inamfikia tu yule ambaye jina lake limeandikwa.

Jioni hii mpigie simu nyanya, au yeyote wa umri wake ukooni. Mwambie aimbe ule wimbo aliowabembelezea watoto. Rekodi kwenye simu. Muulize aliupata kwa nani, na yule naye kwa nani. Andika majina, yote matatu ya kila mtu, na kabla hujakata simu muulize yanaandikwaje.